Doctor Sleep: ile hoteli si iliungua?

Mwulizaji, Shela: Jamani jana usiku tumeona Doctor Sleep, ile muvi inayoendeleza The Shining, barazani kwa ami, laptopu moja watu saba, sasa sielewi, ile hoteli ya mizuka ya The Shining si iliungua zamani?

Jibu, Langoni: Dada, iliungua kwa kitabu cha The Shining cha Stephen King, boila ililipuka, lakini Kubrick kwa muvi yake ya 1980 akaiacha imesimama na yule baba mlinzi wa hoteli akafa kwa baridi, ndo Mike Flanagan, aliyetengeneza muvi ya Doctor Sleep 2019, ikabidi apatanishe zote mbili na mie naona kaweza kabisa.

Jibu, Malindi: Soma kitabu chenyewe cha Doctor Sleep cha 2013 wallahi, Dan, yule mtoto wa hotelini sasa mtu mzima, anavyopigana na ulevi yauma kuliko mizuka. Ila kwa muvi, yule mtoto wa besiboli anavyouawa… nilizima, nina mwanangu umri ule ule.