Mama anameza zinki na vitamini D kwa wingi, chanjo hataki: naomba ushauri

KitindaMimba: Wakuu, habari zenu. Mama ana miaka 68, anatumia warfarini, dawa ya kuyeyusha damu (inazuia isigande), kwa sababu ya moyo. Tangu korona ianze anameza zinki miligramu 50 asubuhi na jioni, vitamini D uniti 10,000 kila siku, na vidonge vya vitunguu saumu. Usiku anajifukiza. Chanjo hataki hata kuisikia: dada kamrushia sauti ya WhatsApp, "daktari" fulani anasema inabadilisha vinasaba, na anayetumia dawa ya kuyeyusha damu akichomwa anakufa. Nimwache na vidonge vyake maana havina madhara, au?

Mbishi_Asilia: Mwache mama wa watu. Vitamini haijawahi kuua mtu. Chanjo iliyotengenezwa kwa mwaka mmoja ndiyo ya kuogopa.

MezaDawa: Hapo nakukatalia, mkuu. Mimi nauza dawa. Kikomo cha zinki kwa mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku, mama anameza 100. Ikienda miezi, mwili unashindwa kufyonza madini ya shaba: damu inapungua, miguu inakufa ganzi. Vitamini D bila daktari kuagiza ni uniti 4,000. Ikizidi haitoki na mkojo kirahisi kama vitamini C, inalundikana, kalsiamu inapanda, figo zinaumia. Ila kinachonitisha hasa ni hivyo vidonge vya vitunguu saumu juu ya warfarini, damu inaweza kuvuja. Akapimwe kuganda kwa damu wiki hii hii. Piga picha kila chupa, upande ulioandikwa miligramu, umwoneshe anayempima. Warfarini yenyewe aendelee kuimeza kama alivyoandikiwa, asibadilishe kiasi!

Mama_Wawili: Na hiyo sufuria ya kujifukizia, wajukuu wakae mbali. Virusi vilivyomo mwilini haviuawi na mvuke, ila ngozi inaungua kweli.

Mbishi_Asilia: Haya, zinki nimekubali. Na vinasaba?

SetiYaNne: Vinasaba vimo ndani ya kiini cha seli. mRNA ya chanjo kama Pfizer na Moderna, yaani maelekezo ya muda ya kutengeneza protini, haiingii humo. Inasomwa nje, kisha inavunjwavunjwa. Na utafiti wake haukuanza na korona, miaka ya 1990 watu walikuwa maabara. Madhara yapo, tusidanganyane: AstraZeneca na Johnson & Johnson, kwa nadra sana, damu kuganda huku chembe sahani (chembe za kugandisha damu) zikishuka; Pfizer na Moderna, misuli ya moyo kuvimba, zaidi kwa vijana wa kiume. Kwa umri wa mama na moyo wake, korona ndiyo hatari kubwa. Warfarini haimzuii kuchanjwa. Aseme mapema, wachome kwa sindano nyembamba, pakandamizwe dakika mbili au zaidi bila kusugua.

KitindaMimba: Asanteni sana. Dada anasema pia atamletea ivermektini, ile dawa ya minyoo.

MezaDawa: Shirika la Afya Duniani lilisema Machi 2021 isitumike kwa korona nje ya majaribio ya kitabibu. Tena kuna taarifa za damu kuwa nyepesi kupita kiasi ikichanganywa na warfarini. Hapana.

Mama_Wawili: Mdogo wangu, usibishane na dada kwenye kundi la familia, mama ataegemea upande wake. Muulize mama mwenyewe anaogopa nini hasa, na anayempima damu ndiye amjibu. Huyo anamwamini.

KitindaMimba: Kliniki ni Jumatano. Picha nimepiga, ila chupa moja haina maandishi yoyote ya kiasi.

MezaDawa: Hiyo aiache leo. Lakini nenda nayo.