Naomba ushauri: Je, wanahisa tuombe mchunguzi huru?
Ndugu zangu, ninaishi Marekani na nina hisa katika kampuni iliyoomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi huko Delaware, na mpango wake wa kulipa wadai unatuacha wanahisa mikono mitupu. Mwaka 2024, katika shauri la FTX, soko la sarafu za kidijitali lililofilisika, mahakama ya rufaa inayosimamia Delaware iliamua kwamba mhusika akiomba mchunguzi huru, yaani mtu asiye na upande anayeteuliwa kuchunguza mambo ya kampuni, na madeni fulani yasiyo na dhamana yakizidi dola milioni 5, jaji hana hiari ya kukataa, ingawa yeye ndiye hupanga upana wa uchunguzi. Wenzangu wanahofia gharama, kwa kuwa mchunguzi hulipwa kutokana na mali ileile ya kampuni; mimi naona ni haki yetu kujua mali hiyo ilithaminiwaje, hata kama sisi ndio wa mwisho kulipwa. Je, tuombe sasa, kabla mpango haujaidhinishwa, au kwanza tudai kamati rasmi ya wanahisa, ya kututetea katika shauri?