Nimepigwa laki tatu na themanini kwa "sauti ya King Curtis"

Wakuu, nimepigwa. Mods naomba msiuhamishie uzi huu kule kwa vichekesho, nina hasira za kweli.

Miezi minne iliyopita nilinunua mausipisi (kile kipande cha kupulizia mdomoni) ya chuma ya saksafoni ya tena (tena ya kwaya jamani, si ya "njoo tena"). Laki tatu na themanini elfu, kwa jamaa mmoja anayeuza vifaa vya muziki mtandaoni. Tangazo lilisema ukiiweka tu mdomoni unatoa sauti ya King Curtis. Ukiiweka tu! Na mimi nilivyorogwa na huyo King Curtis, hela nikaituma kwa simu usiku huohuo.

Kwa asiyemjua: ni mpuliza saksafoni, jina lake ni Curtis Ousley, mtu wa Fort Worth, Texas. Ndiye aliyepuliza kwenye Yakety Yak ya The Coasters mwaka 1958, zile noti fupifupi kama kuku anayegombana na jirani. Ndiye pia anayeingia katikati ya Respect ya Aretha Franklin mwaka 1967. Kile kipande cha Respect ndicho kilichoniponza.

Mzigo ukafika. Uwazi wa ncha, kati ya mausipisi na ridi (kile kijiti chembamba kinachotetema), ni mpana kama mlango wa gereji. Mimi nilizoea ya plastiki iliyokuja na saksafoni, uwazi mdogo, ridi namba 3. Nikafunga ridi ileile kwenye hili dude, nikapuliza, ikatoka hewa. Hewa tupu! Nikashuka hadi ridi namba 2, sauti ikaja, kali kweli, maana ndani sakafu yake imeinuliwa karibu na ncha na upepo unapita kwa kasi. Lakini ukali ni ukali tu. Honi ya bodaboda nayo ni kali.

Nikamrudia muuzaji. Akanijibu, "Kaka, hapo sasa unahitaji kozi yangu." Elfu sitini nyingine. Nikalipa, ndiyo, nichekeni. Video sita, na katika zote sita jamaa anafumba macho, anatikisa mabega, anasema "isikie moyoni". Ngurumo ile ya kooni ya King Curtis inatokaje? Hasemi. Moyoni!

Jibu nimelipata bure kwa mzee mmoja aliyewahi kupiga kwenye bendi za dansi. Hakutaka hata kuiona mausipisi yangu. Aliniambia, "Mwanangu, imba huku unapuliza." Basi. Koo linatoa noti yake, saksafoni inatoa yake, mbili hizo zinagombana ndani ya mrija na sauti inakwaruza. Usiimbe noti ileile unayoipiga, zikilingana ugomvi unakwisha na mkwaruzo unapotea. Siku ya kwanza mke wangu alikuja mbio kutoka jikoni akidhani nimekabwa na mwiba wa samaki. Wiki ya tatu, kwa mausipisi yangu ya zamani ya plastiki, ngurumo ikatoka.

Zile noti za kuku nazo ni kazi ya ulimi. Ulimi unaigusa ridi kuanzisha noti, halafu unarudi haraka kuizima, inakatika ghafla bila mkia. Ukiuacha upepo ndio uimalize noti, umeshakosea. Na zile za juu kabisa, zinazopita vidole vya kawaida, mzee alinianzishia chini kabisa: shika B flat ya chini, usiguse kitufe kingine, kwa koo tu itoe B flat ya juu yake, kisha F, kisha B flat nyingine, kisha D. Mimi F naipata siku za Jumapili tu, sijui kwa nini.

Sasa sikieni kituko kikubwa. Kozi ilikuja na karatasi za noti za ile solo ya Respect, juu zimeandikwa "Tena". Nikakesha nazo siku kumi. Kila nikiwasha rekodi na kupiga nayo, ni vita. Nikadhani saksafoni imevuja, nikaipeleka kwa fundi, elfu thelathini zikaenda kubadilisha pedi mbili (vifuniko vya matundu ya saksafoni) ambazo labda hazikuwa na kosa. Kumbe kwenye ile solo bendi inahama kutoka C na kuingia F# maina (minor). Noti za saksafoni husikika tofauti na zilivyoandikwa, kwa hiyo kwa tena hiyo inaandikwa G# maina. Karatasi zangu zimeandikwa D# maina, yaani ni za ALTO, saksafoni ndogo kuliko tena! Nikizipiga kwenye tena yangu zinasikika C#, bendi iko F#. Siku kumi namlaumu fundi, pedi na midomo yangu mwenyewe.

Nimemwandikia muuzaji anirudishie hela. Kajibu kwamba King Curtis mwenyewe alikuwa "anacheza huru". Mtu aliyechomwa kisu New York Agosti 1971, akiwa na miaka 37, anasingiziwa leo ili karatasi za alto ziuzike! Nimemwambia hivyo, akaniblock.

Kwa hiyo mausipisi inauzwa, laki mbili, na sitaki kusikia "bei ya mwisho". Ukiinunua nitakwambia wazi: haina sauti ya mtu yeyote ndani. Na kama kuna mwana alto humu aje PM, zile karatasi nampa bure. Kwake ziko sahihi.