Mjadala: Vinyozi wa chini ya mwembe waondolewe, wabaki wenye fremu (vyumba vya biashara) tu?

Fremu ya Kona
Wadau, hoja hii haifi na mimi msimamo wangu ni mmoja: waondoke. Kunyoa ni kazi ya kugusa damu. Kichwa kimoja kikipata mkwaruzo, kifaa kilekile kinaingia kwenye kichwa kinachofuata. Virusi vya homa ya ini B vinakaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye tone lililokauka ambalo huwezi kuliona. Mwenye fremu ana leseni ukutani na bwana afya anajua pa kumkuta. Wa chini ya mwembe leo yupo hapa, kesho kiti kimehamia mtaa wa pili. Na hizo mashine zao za mkono zilikuwa zinang'oa nywele badala ya kukata. Tusidanganyane kwa sababu ya kumbukumbu za utotoni.

Mzee wa Panja
Kijana, ya leseni nakuachia. Hilo la kung'oa nywele silipitishi. Mashine ya mkono haing'oi, anayeng'oa ni mkono. Ina vishikio viwili: cha dole gumba kinatulia, cha vidole vinne ndicho kinachotembea. Ukiminya, meno ya juu yanateleza juu ya yale ya chini na kukata. Sasa mwanafunzi anasukuma mashine mbele kabla meno hayajamaliza safari, nywele imebanwa haijakatika, naye anasonga. Hapo ndipo mteja anaruka kwenye kiti. Vidole viende mbio, mkono uende polepole, na ukitaka kuitoa kichwani usiache kuminya hadi iwe hewani.

La pili ni nati ya katikati. Ikilegea, meno ya juu yananyanyuka na nywele inajikunja katikati yake. Ikikazwa mno, springi inashindwa kurudisha kishikio. Unaikaza mpaka iwe nzito, halafu unairudisha kidogo kidogo hadi kishikio kirudi chenyewe. Asiyejua hilo, hata umpe mashine ya umeme atawaumiza watu.

Msasa wa Maji
Mzee amesahau unoaji. Mashine nyingi ziliharibiwa na wanoa visu wa baiskeli. Jiwe la duara linakula ncha za meno, wakati meno ya mashine hayakati kwa ncha, yanakata kwa bapa, pale chuma kinapolala juu ya chuma. Likishakuwa na mawimbi, kwisha habari. Namna sahihi: kipande cha kioo kinene, msasa wa maji namba 1000 juu yake, matone ya mafuta mepesi, kisha unasugua bapa la kila jino kwa mkandamizo ulio sawa pande zote hadi liwe na rangi moja. Sehemu inayobaki nyeusi ndiyo iliyobonyea. Endelea mpaka iishe.

Mtoto wa Likoni
Mwatetea vyuma, na watu je? Mtoto akitimiza siku saba, akika yafanywa, nani aitwa nyumbani kumnyoa? Ni yule mzee wa wembe, kwa sababu ajua utosi haujafunga na ajua kupitisha wembe pale bila kukandamiza. Hao vijana wa fremu wajua mashine tu. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa zako tia maji, lakini wao hata maji hawatii. Waingiza chuma kikavu kwa kichwa kikavu, halafu mteja atoka na vipele shingoni.

Fremu ya Kona
Ndugu yangu, ukitia maji kichwani kisha ukapitisha mashine ya umeme umeua vitu viwili kwa mpigo. Nywele zikilowa zinalala na kushikana, meno yanaruka, kichwa kinatoka na madoa. Na meno yanapata kutu. Mashine inataka nywele kavu na safi. Ungekuwa unaijua kazi usingeandika hivyo.

Mtoto wa Likoni
Usinibadilishie maneno! Nimesema wembe. Methali haikutungwa kwa ajili ya umeme. Maji ya vuguvugu na sabuni, dakika mbili tatu, nywele yanywa maji na kulainika, ndipo wembe ukate bila kuvuta. Wewe ndiye uliyerukia mashine.

Fremu ya Kona
Umeandika "chuma kikavu kwa kichwa kikavu". Sasa ni chuma gani hicho?

Msasa wa Maji
Jamani, mna haki wote wawili. Wembe na maji, mashine na ukavu. Ila hivyo vipele vya shingoni havitoki kwenye ukavu. Nywele zetu zimejikunja. Ukizikata chini kabisa ya ngozi, ncha inageuka na kuingia ndani tena. Wanaovuta ngozi kwa vidole huku wakipitisha wembe kinyume na uotaji ndio wanaovitengeneza, kwa sababu ngozi ikiachiwa, nywele inazama. Mteja mwenye vipele anyolewe kwa mashine, abakiziwe kama milimita moja. Na meno yasisogezwe ncha kwa ncha eti mstari uwe mkali, yanachuna ngozi. Hili kosa limejaa kwenye fremu kuliko chini ya miti.

Mzee wa Panja
Sikia hiyo, Fremu.

Muuguzi wa Zamu
Nimesoma hadi hapa na hakuna aliyejibu suala la damu. Fremu, wewe umeanza nalo na kuliacha. Kinachofanyika kwenye fremu nyingi ni kupuliza spiriti kwenye meno na kufuta kwa kitambaa. Spiriti ya kawaida inakauka ndani ya sekunde chache, haijapata muda wa kufanya kazi. Wengine wanaiwasha moto. Moto wa haraka hauui kila kitu, na ukirudiwa kila siku chuma kinalainika, makali hayakai. Na kile kisanduku chenye taa ya buluu kinasafisha pale tu mwanga unapofika. Katikati ya meno, ambako nywele na damu hujificha, mwanga haufiki.

Utaratibu ni huu: fungua skrubu mbili, toa meno, sugua kwa mswaki na maji ya sabuni hadi nywele zote zitoke, kwa sababu dawa haipenyi uchafu. Jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, unapata asilimia 0.5. Zamisha dakika 10. Suuza, kausha, tia mafuta. Dawa ichanganywe upya kila siku, isiachwe juani.

Fremu ya Kona
Dada, Jiki inakula meno. Meno mazuri si bei ndogo. Na nani atakaa dakika 10 wakati kuna watu sita kwenye benchi?

Muuguzi wa Zamu
Yanaliwa ukiyasahau humo nusu siku, au usiposuuza na kukausha. Na huhitaji kungoja. Nunua seti tatu za meno. Moja kichwani, moja kwenye dawa, moja imekauka inasubiri. Kama fremu haiwezi seti tatu, kilichobaki kumtofautisha mwenye fremu na wa chini ya mwembe ni paa.

Mama Mapacha
Na mapunye? Mashuleni watoto wananyolewa foleni, mashine moja. Yule mwenye viraka vyeupe akitangulia, wote nyuma yake wamekwisha. Halafu mzazi anapaka krimu miezi mitatu bila nafuu, maana fangasi wa mapunye anaingia ndani ya unywele wenyewe, krimu haifiki. Anahitaji vidonge vya wiki kadhaa kutoka kwa daktari. Kinyozi yeyote, mwenye fremu au mwembe, akiona kiraka chenye magamba na nywele zilizokatika aseme "huyu kwanza hospitali", asimnyoe. Na yale machanuo ya plastiki yanayovalishwa mashine, namba moja, namba mbili, yanaoshwa na nani? Magamba yamejaa humo.

Kibarua
Tukirudi kwenye mada, mnataka waondoke wapi wakati serikali yenyewe iliwapa vitambulisho? Si vile vya elfu kumi vya Magufuli?

Fremu ya Kona
Elfu ishirini, Desemba 2018. Na kile kilikuwa kitambulisho cha mjasiriamali mdogo. Hakikupima kama mtu anajua kusafisha wembe.

Mzee wa Panja
Na leseni yako ya biashara imepima? Inauliza eneo na kodi. Haijawahi kuuliza umembadilishia nani meno.

Nisikilizeni, kijana na wewe dada muuguzi. Kinyozi wa zamani anayejiheshimu hamnyoi mtu kwa wembe uliokwisha funguliwa. Anashika wembe mpya ukiwa bado kwenye karatasi yake, anaukunja kwa urefu hadi ulie *tak*, nusu mbili. Karatasi inachanwa mbele ya macho ya mteja. Nusu inaingia kwenye kishikio, inalazwa karibu na ngozi, pembe kama nyuzi 30, na mikupuo ni mifupi. Nusu ya pili inabaki kwenye karatasi kwa ajili ya kichwa kingine. Makali hayo hayahitaji Jiki wala kisanduku cha taa, kwa sababu hayahami kichwa. Mkitaka kuweka sheria, wekeni hiyo: mteja aone karatasi ikichanwa. Kwa mwembe na kwa fremu.

Muuguzi wa Zamu
Mzee, hapo kwa wembe sina la kupinga. Kwa mashine seti tatu zinabaki palepale.

Mtoto wa Likoni
Nami nauliza moja tu, mzee wangu, kwa heshima. Hiyo nusu iliyokwisha kutumika yaenda wapi? Maana chini ya miembe mingi ukifukua mchanga kwa kidole wazikuta, na watoto waokota maembe papo hapo bila viatu.

Mzee wa Panja
Hilo ni kosa letu, silikwepi. Dawa yake ni kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa bati. Unatoboa tundu refu kama la kibubu, wembe unaingia, hautoki. Likijaa unalifunga kwa waya na kulipeleka zahanati, wana shimo la vitu vyenye ncha.

Muuguzi wa Zamu
Lisijae kabisa. Robo tatu, lifungwe.