Meno ya watoto wetu yanaharibika hapa Nakuru, na mwenye kisima anatuambia maji ni laini

Nimechoka kunyamaza. Sisi tunakaa upande wa Kiamunyi, kwenye ploti ambazo bomba la mjini halijafika. Maji yetu ni ya kisima cha mtu binafsi. Alichimba kwa mashine, akainua tangi, akavuta mipira nyumba hadi nyumba. Mwezi ukiisha mita inasomwa, bili inaingia kwa simu, na ukichelewa kulipa unakatiwa bila huruma. Kwa kudai pesa yuko macho. Muulize ndani ya hayo maji kuna nini, anageuka bubu.

Tulihamia hapa binti yangu akiwa bado ananyonya. Meno yake ya utoto yalikuwa safi. Haya ya ukubwani yameota na mabaka meupe kama chaki, na kwenye yale mawili ya mbele juu tayari kuna baka la kahawia. Siku hizi akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Daktari wa meno alimfungua mdomo, akatazama, akaniuliza, "Mama, nyumbani mnakunywa maji ya kisima?" Nilikuwa hata sijaanza kueleza. Akasema ni floraidi, madini yanayoyeyuka ndani ya maji. Halafu akaniambia kwamba jino likishajengeka hivyo halirudi lilivyopaswa kuwa. Unaweza kulipia lifunikwe, lakini hakuna mswaki wala dawa ya meno itakayoling'oa hilo doa.

Nikapeleka swali kwenye kikundi chetu cha wasapu: tuonyeshwe majibu ya maabara. Jibu la mwenye kisima hili hapa: "Mama, maji yetu ni laini kabisa, hayana chumvi, sabuni inatoa povu vizuri. Kama una wasiwasi chemsha." Na majirani wakamwekea vidole gumba! Wengi wao walitoka mitaa ambayo birika linajaa ukoko mweupe na sabuni inakatika badala ya kutoa povu, kwa hiyo wakiona povu hapa wanadhani wamefika peponi.

Sasa tuelewane. Ugumu wa maji, yaani huo ukoko na sabuni kukataa povu, unaletwa na madini ya kalisi na magnesi. Unakera, unamaliza sabuni, unaua hita ya maji, lakini si huo ulioharibu meno ya mtoto wangu. Floraidi haina rangi, haina harufu, haiachi ukoko wowote. Inatoka kwenye miamba ya volkano ambayo sehemu kubwa ya Bonde la Ufa imekalia, na maji yanavyokaa chini ndivyo yanavyoiyeyusha. Kibaya zaidi, kalisi ndiyo inayoishika floraidi na kuizuia isizidi. Kalisi ikiwa kidogo, floraidi inabaki imeyeyuka na inapanda. Kwa hiyo maji laini yenye povu zuri ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi huku kwetu. Huyu bwana anatutajia dalili ya hatari akidhani anatutuliza!

Na hiyo ya kuchemsha ndiyo iliyonipandisha hasira kabisa. Kuchemsha kunaua viini, sawa, endeleeni kuchemsha kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki palepale, kwa hiyo kila kikombe kinakuwa na nyingi kuliko mwanzo. Klorini haiigusi. Lile chujio la mshumaa wa udongo pia haliigusi. Na mkipika maharagwe kwa magadi mnaongeza nyingine.

Kuna waliosema eti wazee wetu walikunywa maji haya na wakaishi. Watazameni hao wazee vizuri. Meno ya kahawia mnayaona wenyewe. Na mtu akinywa floraidi nyingi mno kwa miaka mingi inaingia mifupani, mgongo na magoti yanakakamaa.

Dawa ipo na haiko mbali. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe unanasa floraidi, na hapa hapa Nakuru mradi wa maji wa Dayosisi ya Kikatoliki umefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mkaa huo hujaa, lazima ubadilishwe, na hilo lina gharama. Lakini si lazima kuchuja maji ya kufua na kuoga. Ni ya kunywa na kupikia tu. Mimi sasa nakinga mvua kwenye tangi la pembeni kwa ajili ya watoto, kwa sababu maji ya mvua karibu hayana floraidi. Kiangazi kikija sijui nitafanyaje, na bili ya kisima bado naletewa.

Ninachodai ni karatasi moja, ya majibu ya maabara. Kiwango cha juu cha floraidi kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Chetu ni ngapi? Katiba, kifungu cha 43, inanipa haki ya maji safi na salama. Cha 46 kinanipa haki ya kujua ninachouziwa, na cha 35 kinagusa hata habari zilizo mikononi mwa mtu binafsi kama nazihitaji kulinda haki yangu. Kwa hiyo asiniambie tena kwamba kisima ni mali yake.

Mliopima maji Kiamunyi, Lanet, Bahati, Njoro, andikeni hapa mlipata ngapi, kisima kina urefu gani kwenda chini, na mlipima lini. Na kama mwenye kisima wenu alishawahi kuwaonyesha majibu bila kusukumwa, semeni pia, nimpelekee huyu wetu aone kwamba inawezekana.