Bandama la binti yangu limevimba mara mbili: je, litolewe?

Mama Salha, Mbagala
Assalamu aleikum ndugu zangu. Binti yangu ana miaka minne na ana selimundu. Tangu mwezi wa Ramadhani bandama lake limevimba ghafla mara mbili, na mara ya pili midomo na viganja vilipauka kabisa, ikabidi aongezewe damu usiku huohuo. Daktari ameshauri bandama litolewe. Jirani ananitisha kwamba mtoto asiye na bandama hufa kwa homa ndogo tu. Je, ni kweli? Na akilalamika kifua, nichukulie ni mafua?

Muuguzi wa watoto, Kinondoni
Waalaikum salaam, mama, pole sana. Seli zenye umbo la mundu huziba njia za damu ndani ya bandama, damu ikanasa humo, na mtoto akaishiwa damu kwa saa chache. Hali hiyo ina tabia ya kurudi, na inaweza kuua kabla hamjatoka kwenye foleni, hivyo ushauri wa daktari una msingi. Jirani naye hajakosea kabisa, kwa sababu bandama ndilo linalochuja bakteria kama nimokoka, wanaosababisha nimonia na kuingia kwenye damu. Ila kwa watoto wengi wenye selimundu kazi hiyo hufifia mapema hata bila upasuaji. Kwa hiyo chanjo ya nimokoka apewe angalau wiki mbili kabla ya upasuaji, na penisilini ya asubuhi na jioni isikatwe, kwani utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kuwa ilipunguza maambukizi ya nimokoka kwa watoto wadogo wenye selimundu kwa asilimia 84. Homa ya nyuzi 38.5 ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo. Nakusihi usimpe panadol ukasubiri kuche.

Baba Idrisa, Tabata
Kifua usikidharau, dada yangu. Mwanangu, naye ana selimundu, alianza na homa na maumivu ya mbavu, akawa anapumua harakaharaka. Eksirei ikaonyesha doa jeupe chini ya pafu la kulia. Alipewa oksijeni, antibiotiki na damu, na muuguzi akampa mapovu ya sabuni apulize kila baada ya saa mbili ili mapafu yafunguke. Sasa anatumia haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, na tunapima damu kila tunapoagizwa.

Mama Salha, Mbagala
Ahsanteni sana. Jana nimempapasa chini ya mbavu za kushoto akiwa amelala, nikaweka alama ya kalamu pale bandama linapoishia, ili nijue likivimba tena. Alhamisi kliniki nitauliza kwanza tarehe ya chanjo, ndipo tupange ya upasuaji.