Mchango wa mgonjwa: ulipwe hospitali au atumiwe mwenyewe?

Mleta mada, Makorora:
Wana Tanga, salaam. Mtaani tunamchangia jirani yetu, muuza vitumbua, aliyekutwa na saratani ya mlango wa kizazi na kupewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar. Hela imefika pazuri, ila kikao kimegawanyika. Wengine wanataka yote ilipwe hospitali na risiti irushwe kundini. Mimi nasema atumiwe kwenye simu yake, na asiulizwe.

Mionzi ya kutibu saratani si sindano ya kuchomwa leo ukarudi kesho. Anapigwa Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kadhaa mfululizo, dakika chache tu kila siku kisha anaambiwa nenda. Aende wapi? Tanga ni zaidi ya kilomita 300. Atapanga chumba, au abanane kwa ndugu Mbagala, adandie daladala alfajiri huku tumbo limevurugika. Hospitali haitoi namba ya kulipia daladala. Wala kodi, wala uji, wala unga wa watoto aliomwachia bibi yao.

Mweka hazina, Chumbageni:
Kaka, maneno matamu, ila hujawahi kushika hela za watu. Sisi tulimchangia kijana wa figo, hela ikaingia simu ya kaka yake. Haukupita mwezi, kaka yuko juu ya bodaboda mpya. Tangu hapo ukitaja mchango mtaani watu wanakumbuka wamebandika chai jikoni. Risiti namdai mgonjwa wa leo ili yule wa kesho naye achangiwe.

Mleta mada:
Simu ya kaka hiyo. Mimi nasema simu ya mgonjwa.

Mdau, Pongwe:
Mngemkatia bima mapema. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa tangu 2023.

Mleta mada:
Bima inalipa matibabu, ndugu. Daladala hailipi.

Binti wa Duga:
Nilimuuguza mama kule. Kuna wiki ngozi ilimbabuka, nguo zote zikamshinda isipokuwa khanga kuukuu iliyolainika. Kuharisha usiku kucha. Nikawa namnunulia pempasi, pakiti baada ya pakiti, na zile za watu wazima si bei rahisi. Mweka hazina, risiti hiyo nayo ningeirusha kundini, wakwe na mashemeji waisome?

Mweka hazina:
Hapana dada, hiyo hapana. Pole sana. Basi tugawe: ya matibabu ilipwe hospitali, risiti ionekane. Ya matumizi atumiwe yeye kila Ijumaa, na ya kutolea juu.

Binti wa Duga:
Na ya anayemuuguza msisahau. Mimi kibarua changu kiliota nyasi.

Mleta mada:
Ijumaa naafiki. Ila kiasi ataje yeye, si kamati.

Mweka hazina:
Kamati.

Mleta mada:
Haya, tuonane kikaoni Jumapili baada ya Alasiri.